Mwisho wa Novemba Pwani Kusini: utabiri wa wiki unasema nini hasa?

Wiki za mwisho wa Novemba katika Kaunti ya Kwale huwa na hali ya hewa ya kigeugeu. Kusi imeondoka, kaskazi haijashika vizuri, na mvua za vuli bado zinanyesha. Huu ndio wakati ambapo lalamiko la kila mwaka husikika: "Walisema kutanyesha, mbona Msambweni jua lilikuwa kali siku nzima?" Mara nyingi utabiri haukukosea. Tatizo ni kwamba maneno yake yana vipimo ambavyo wengi wetu hatukuelezwa.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikisema mvua itanyesha "maeneo machache", ina maana chini ya asilimia 33 ya eneo lililotajwa. "Maeneo kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66. "Maeneo mengi" ni zaidi ya asilimia 66. Kwa hivyo ukisoma "manyunyu asubuhi, maeneo machache", elewa kwamba sehemu kubwa ya eneo hilo inatarajiwa kubaki kavu. Ukunda wanaweza kulowa na Msambweni wakaanika nguo siku hiyo hiyo, na utabiri ukawa sahihi.

Angalia pia saa iliyotajwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na upepo hafifu hutoka bara kuelekea baharini. Ukikutana na upepo wenye unyevu unaotoka baharini, hewa hupanda na mawingu hujikusanya karibu na ufuo. Ndiyo sababu Tiwi, Diani na Gazi huweza kuamkia mvua, kisha kufikia saa nne asubuhi jua likawa limetoka. Kinango na Samburu mambo ni tofauti: huko joto la mchana ndilo hujenga mawingu, na mvua ikija huja alasiri au jioni, mara nyingi ikiwa na radi. Mchana joto huwa karibu nyuzi 30 hadi 32, lakini kwa unyevu ulioko hewani mwili huhisi zaidi ya hapo.

Kipimo cha mvua chenyewe kinaweza kupimwa kwa ndoo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Chukua nyumba yenye paa la mabati la mita 6 kwa 8. Mvua ya milimita 20 itamwaga juu yake lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20, ukiacha yatakayopotea njiani. Kwa familia ya Kinango inayonunua maji kwa mtungi, kipande cha gata na tangi ni hesabu ya kufanya kabla mvua haijaisha. Lakini milimita 20 hizo hizo zikianguka ndani ya saa 24 kwenye kilima kizima, maji yote hutafuta mto. Ndipo tahadhari ya mvua kubwa hutolewa.

Na mto ukijaa, si lazima iwe mvua imenyesha kwako. Mto Umba huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania, ukaingia bahari karibu na Vanga. Mkazi wa Vanga anaweza kulala mbingu ikiwa na nyota na kuamka maji yako mlangoni. Hatari huongezeka wakati wa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa sababu bahari iliyojaa huzuia mto kutoa maji yake. Katika siku hizo, kwenye pwani yetu maji hujaa sana karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na kupwa sana katikati ya asubuhi. Wavuvi wa pweza wanalijua hili bila kuangalia kalenda. Wanaoishi kando ya Umba, Ramisi na Mkurumudzi nao walijue: utabiri wa mvua kubwa ukiangukia siku za bamvua, hamisha nafaka, vyeti na mifugo mapema, kungali mchana.

Usivuke mto au daraja lililofunikwa na maji. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na bodaboda haihitaji hata hayo.

Baharini, kipindi hiki cha tangambili hudanganya. Baada ya miezi ya kusi, bahari inatulia na wengi huona sasa ni salama kutoka nje ya mwamba, hata kwa mtumbwi mdogo. Ni kweli mawimbi hupungua. Hata hivyo wingu la radi linaweza kuleta upepo wa ghafla kutoka upande usioutarajia, na mwenye ngalawa aliyeko mbali na mlango wa mwamba hana muda wa kurudi. Tahadhari ya upepo mkali hutolewa kasi ikitarajiwa kuzidi noti 25, takriban kilomita 46 kwa saa. Siku ya tahadhari hiyo, chombo kidogo kibaki ufuoni. Siku nyingine, ukiona wingu jeusi linajikusanya, geuza tanga, hata kama nyavu bado ni tupu. Boti zinazobeba wageni kwenda Wasini na Kisite zisiondoke bila jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, watoto wakiwemo.

Kwa wakulima ambao bado wana shamba tupu, mvua moja kubwa haitoshi kuwa sababu ya kupanda mahindi sasa. Vuli kwa kawaida huisha Desemba. Kunde na pojo hukomaa mapema, na muhogo huvumilia ukame. Afisa wa kilimo wa wadi atakushauri kulingana na udongo wako.

Visima vifupi vya ukanda wa pwani huchafuka haraka mvua inapobeba uchafu wa vyoo. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, hata yakionekana meupe.

Utabiri wa siku 7 hutolewa kila wiki na hutangazwa pia redioni. Usiposoma, muulize mwenyekiti wa BMU au chifu, kisha mpigie jirani asiye na simu ya intaneti. Kukitokea mafuriko, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.