Dalali, Umeshapata Chako, Mbona Kimya?

Kabla ya mauzo, dalali wa kiwanja hupiga simu asubuhi, mchana na jioni. Yaani utadhani ni mchumba anayeogopa kuporwa! Mkishasaini na yeye akishachukua chake, anapotea. Ukimpigia, simu inaita tu.

Kwa Dodoma, ukimya huo unaumiza zaidi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia huku, wanunuzi wengi wamekuwa wageni: watumishi waliohamishwa, wanandoa vijana wanaoanza maisha. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikaenda manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa jiji. Mgeni atajuaje karatasi ipi apeleke wapi? Kwake, dalali ndiye mwenyeji wa kwanza.

Kwa hiyo, kama hii ndiyo kazi yako, mauzo yasiwe mwisho wa uhusiano. Fanya hivi:

Wiki ya kwanza: karatasi
Piga simu bila kuuza kitu. Uliza kama mkataba, risiti na ramani vipo mkononi, na uhamisho wa miliki umefikia wapi. Kulipa pesa ni jambo moja, jina lako kusomeka kwa Msajili wa Hati ni jambo lingine. Kama wateja ni mke na mume, waulize mapema: hati itasoma jina moja au mawili? Swali hilo dogo limeokoa ndoa nyingi. Na kama mlichouza ni nyumba ya ndoa, hakikisha ridhaa ya mwenzi wa muuzaji imo kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka.

Baada ya mvua: mipaka
Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa mwaka na kuishia Machi au Aprili. Zikikatika, kiwanja cha Nala au Iyumbu huwa kimemezwa na majani, na mwenyewe yuko Dar. Pita, piga picha mawe ya mipaka, mtumie. Akianza kujenga, mwelekeze taratibu za kibali cha ujenzi, maji ya DUWASA na umeme wa TANESCO.

Kila mwaka: kodi
Mkumbushe kodi ya pango la ardhi. Wengi huchanganya. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mtu anadhani amemaliza kila kitu. Kumbe pango la ardhi hulipwa peke yake!

Je, inalipa? Muulize Joe Girard, Mmarekani aliyeuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1978. Siri yake mojawapo ilikuwa kadi ya salamu kwa wateja wake kila mwezi. Hapa kwetu ujumbe mfupi wa sikukuu unatosha. Mteja aliyetendewa vizuri atakutaja ofisini Mtumba, kanisani, msikitini na kwenye kikao cha harusi, na tangazo hilo hulilipii hata shilingi.

Lakini usizidishe. Usimtumie mke wa mtu ujumbe saa nne usiku eti unafuatilia hati. Kama walinunua wawili, ongea na wote wawili. Usiombe "ya soda" kila ukimsaidia. Na bei aliyonunulia isiwe habari ya kijiweni.

Nawe unayenunua, usikubali kutelekezwa. Kabla hujamalizia malipo ya dalali, kubalianeni kwa maandishi atakusaidia nini mpaka jina lako lisome kwenye hati. Akianza kukwepa swali hilo, jua hata kesho atakukwepa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Dalali mzuri naye huuzwa na wateja wake. Kazi kwako!