Fildi ya taa na sauti: Mwanafunzi wa Mwanza ajifunzie wapi ufundi wa jukwaa?

Ukienda kwenye tamasha macho yote yako kwa msanii. Mtu anayeamua kama utamsikia au hutamsikia amekaa pembeni gizani, kavaa hedifoni, na watu hawamjui hata jina. Huyo ndiye fundi wa jukwaa. Kazi yake huwezi kuimaliza kwa kusoma madesa.

Kwa kijana wa Mwanza tatizo la kwanza ni umbali. TaSUBa, taasisi ya serikali inayofundisha sanaa za jukwaani, iko Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ikawa wakala wa serikali mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonesho tangu miaka ya 1960. Huku kwetu tuna SAUT pale Malimbe, inayojulikana kwa uandishi wa habari na mawasiliano ya umma, na tuna VETA kwa wanaosoma umeme. Ukumbi wa taifa wa tamthilia kama ule wa Nairobi uliofunguliwa 1952, au wa Kampala wa 1959, Mwanza hatuna.

Kwa hiyo wiki chache za mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, zinabeba mzigo mkubwa. Ukizitumia vibaya, unarudi chuoni na muhuri tu.

Wapi pa kuomba? Wengi wanakimbilia redio, na si vibaya. Lakini studio ya redio ni chumba kimya chenye maiki mbili tatu. Jukwaa ni vurugu: upepo, umati, jenereta, msanii aliyechelewa. Ufundi huo uko kwenye kampuni zinazokodisha muziki na majukwaa, kwenye kumbi za harusi, na makanisani. Kanisa usilidharau. Kwaya kubwa yenye kinanda, ngoma na waimbaji 30 ni mtihani wa sauti unaorudi kila Jumapili. Ukikosea wiki hii, unasahihisha wiki ijayo. Kampuni ya matamasha haitakupa nafasi hiyo mapema.

Halafu kuna Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, hufanyika sherehe ya Bulabo, na ngoma hushindana kwa mtindo wa Bagika na Bagalu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji wa Kisukuma walishaingia uwanjani na chatu, majembe na vituko vya kila aina miaka mingi kabla ya taa za rangi. Ukitaka kujua kwa nini jukwaa linahitaji kitu cha kuvuta jicho, angalia pale.

Kwa fundi wa sauti, ngoma kama hiyo ni ngumu kuliko bendi. Mwimbaji hasimami sehemu moja. Ngoma zina nguvu kuliko sauti ya mtu. Ukiweka maiki karibu na ngoma, unazidisha kitu ambacho tayari kinasikika hadi barabarani. Mara nyingi ngoma haihitaji maiki kabisa, anayeihitaji ni mwimbaji.

Sasa, siku ya kwanza fildi usitegemee kugusa miksa. Utabeba spika, na utakunja nyaya. Wengi wanaona hiyo ni dharau, kumbe kukunja waya kuna namna yake. Ukiuzungusha kwenye kiganja na kiwiko kama kamba ya ng'ombe, nyuzi za ndani zinajisokota na siku moja zinakatika katikati ya hotuba ya mgeni rasmi. Unakunja kwa duara, mzunguko mmoja kawaida na unaofuata kwa kugeuza mkono, ili waya ufunguke bila fundo. Fundi mzoefu anakupima hapo kabla hajakupa kingine.

Baada ya hapo unajifunza mpangilio. Ukiwasha, miksa inatangulia na amplifaya inakuwa ya mwisho. Ukizima, amplifaya inatangulia. Ukigeuza, ule mshindo wa "puu!" unaweza kuua spika, na spika si yako. Unajifunza pia kwamba maiki ikianza kupiga mluzi, tatizo mara nyingi si maiki mbovu. Inasikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, inairudisha, inazunguka. Sogeza spika mbele ya msemaji, au punguza sauti. Kuipigapiga kichwani hakusaidii, ingawa washereheshaji hawaachi.

Na hesabu zipo. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Weka jukwaa upande wa goli moja pale CCM Kirumba, na mtu wa goli la pili atasikia baada ya karibu theluthi ya sekunde. Ukiongeza spika karibu naye bila kuichelewesha kwenye mitambo, atasikia kila neno mara mbili. Hapo ndipo fizikia ya kidato cha pili inapokuwa na maana.

Upande wa taa, hesabu inaokoa maisha. Umeme wetu ni volti 230, na plagi ya kawaida inabeba ampea 13. Zidisha: wati 2,990. Taa za zamani za jukwaani za wati 1,000 kila moja, mbili zinakaa vizuri, ya tatu inagusa ukingo, ya nne inaunguza. Taa za LED zinakula kidogo sana, ndiyo maana zimeenea, lakini watu wamezizoea hadi wanaunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni bila kuhesabu. Na jenereta isiyo na waya wa ardhini, kwenye nyasi zenye unyevu kando ya ziwa, inaweza kumpiga shoti msanii anayeshika maiki ya chuma. Kama msimamizi wako hajakuonesha waya wa ardhini uko wapi, muulize. Akikucheka, muulize tena. Na kama hakuna, usiguse.

Mwanza ina mambo yake ambayo vitabu vya Ulaya havina. Mawe, kwa mfano. Huwezi kupigilia kigingi kwenye jiwe, kwa hiyo turubai na nguzo za taa zinashikiliwa kwa uzito. Pipa la lita 200 likijaa maji lina kilo 200, na maji ya ziwa yapo. Upepo wa mchana hutoka ziwani, unalisukuma bango la nyuma ya jukwaa kama tanga la mtumbwi. Usiku wadudu wanafuata taa nyeupe, kama dagaa wanavyofuata taa za wavuvi. Mafundi wengine huwasha taa kali mbali kidogo na jukwaa ili wadudu waende huko.

Kuhusu karatasi, barua ya utambulisho kutoka chuoni ipeleke mapema, na daftari la fildi lijaze siku hiyohiyo, si wiki ya mwisho kwa kukumbuka. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo waangalie kama fedha za mafunzo kwa vitendo zimo kwenye mkopo wao, kwa sababu kampuni nyingi ndogo hazilipi mwanafunzi, na vifaa hufunguliwa saa nane usiku ambapo daladala hazipo. Kwa binti hasa, suala la usafiri wa usiku liongelewe na msimamizi kabla ya kuanza, tena mbele ya mtu wa chuo ikiwezekana.

Omba pia jambo moja waziwazi tangu wiki ya kwanza: kabla hujaondoka, wakuachie shughuli moja ndogo uiendeshe mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Kipaimara, mahafali ya shule ya msingi, kikao cha wazee. Maiki mbili, spika mbili, watu 80.