Tumbo Linapouma Mpaka Mgongoni: Picha Gani, na Lini?

Kutoka Bengamisa mpaka Kisangani ni kama kilomita 50 kwa barabara ya Buta. Jamaa inapompandisha mgonjwa kwenye pikipiki, kila falanga imekwisha kuhesabiwa. Basi ni vizuri kujua mapema ni picha gani inasaidia, na lini.

Kongosho ni kiungo kinacholala nyuma ya tumbo la chakula. Kinatoa maji ya kusaga chakula na kuongoza sukari ya damu. Kikivimba, maji yale yanaanza kukila chenyewe. Sababu kubwa ni mbili: mawe ya nyongo, yanayowapata wanawake kuliko wanaume, na pombe nyingi, lotoko ikiwa mojawapo. Dalili ni maumivu makali ya juu ya kitovu yanayopenya mpaka mgongoni, pamoja na kutapika.

Mara nyingi munganga anatambua ugonjwa kwa maumivu hayo na kipimo cha damu kinachoitwa lipazi. Picha zinafuata.

Ekografi inatangulia. Haina mionzi, hata mwenye mimba anafanyiwa. Inaonyesha mawe ya nyongo vizuri. Lakini hewa ya matumbo inaweza kuficha kongosho. Kwa hiyo ekografi isiyoonyesha kitu haimaanishi kwamba mtu ni mzima.

Skana inaonyesha sehemu ya kongosho iliyokufa, maji yaliyokusanyika na damu inayovuja. Ikifanywa siku ya kwanza inaweza kuficha ubaya, kwani sehemu iliyokufa inaonekana vizuri baada ya saa 72 hadi 96. Munganga anaiharakisha akiwa na mashaka juu ya ugonjwa wenyewe. Kabla ya kudungwa dawa ya rangi, mwambie kama una mimba, ugonjwa wa figo au mzio.

IRM haina mionzi. Inaonyesha mawe yaliyoziba mfereji wa nyongo, na kama ndani ya maji yale mna vipande vya nyama iliyokufa. Ni ya bei kali, na si kila mgonjwa anaihitaji.

Baada ya wiki 4, maji yaliyobaki yanaweza kujijengea ukuta. Yasipoleta taabu, mara nyingi yanaachwa, na ekografi inatosha kuyafuatia. Lakini homa, tumbo kujaa au kutapika vikirudi, rudini hospitalini: picha mpya itaonyesha kama yanapaswa kutolewa.

Mgonjwa akihema kwa shida, akikojoa kidogo, macho yakiwa manjano au akili ikipotea, ondokeni siku hiyo hiyo. Msingoje kwanza feza ya skana. Serumu na dawa ya maumivu ndizo zinazoanza, na zinaweza kuanza bila picha.

Kabla ya safari, ulizeni kwa simu: mashine inafanya kazi leo? Umeme uko? Bei ni gani? Na nani atasoma picha? Kisha tunzeni karatasi zote. Munganga wa kesho atazilinganisha na za leo.