Vidoadoa vya Muundini

Katika miji ya Musoma na Bunda, ambako mbu wa ziwani hawampi mtu raha, homa ndiyo huulizwa kwanza, na alama nyingine za mwili hungoja zamu yake. Ndiyo maana vidoadoa vyekundu vidogo mithili ya ncha za sindano, vinavyojitokeza muundini bila kuwasha wala kuuma, aghalabu hudhaniwa kuwa ni upele. Kumbe huenda ikawa ni damu iliyopenya nje ya mishipa, kwa sababu chembe sahani, yaani zile chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba mshipa uliotoboka, zimepungua. Upele ukibonyezwa kwa kidole wekundu wake hufifia. Vidoadoa hivi havifutiki. Na kwa kuwa ngozi nyeusi kama yetu huuficha wekundu huo, mtu na atazame pia kaakaa la kinywa na upande wa ndani wa kope la chini.

Mtu mzima mwenye siha huwa na chembe hizo baina ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Huzaliwa katika uboho na kuishi siku 7 hadi 10 tu. Malaria huzipunguza, kichocho cha tumbo, maradhi ya muda mrefu ya watu wa Ziwa Victoria, huathiri ini na kuvimbisha bandama, na bandama lililovimba huzizuilia ndani yake. Saratani ya damu nayo, maradhi yaliyomwondoa duniani Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, huko London tarehe 14 Oktoba 1999, yaweza kuujaza uboho hata chembe sahani zikakosa nafasi ya kuumbwa.

Fizi kutoa damu, muhina usiokatika, hedhi kupita kiasi, na kuvilia damu pasipo kugongwa ni dalili za kumpeleka mtu akapimwe picha kamili ya damu. Chembe sahani zikishuka chini ya 10,000, damu yaweza kuvuja bila jeraha lolote. Hapo kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au choo kuwa cheusi ti, si jambo la kungoja asubuhi. Wala sioni udhuru wa kumeza aspirini ya dukani kwa homa isiyojulikana asili yake, maana kila chembe sahani iliyoguswa na dawa hiyo hudhoofika kazi yake mpaka ifikie ajali yake.