Giaboksi ya Gongoni: Acha Pesa Ifuate Kazi

Ukitoka Malindi mjini, ukavuka daraja la Sabaki na kushika barabara ya Garsen, utafika Gongoni, ambako chumvi huvunwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari. Huko ndiko tulikomkuta mteja wetu mmoja akipangusa mikono kwa kitambaa kilicholowa oili. Nyuma yake, chini ya mkorosho, palikuwa na telehandla, ile foklifti ya mkono mrefu inayorefuka kama darubini. Rangi imebabuka, viti vimechanika, lakini injini inanguruma vizuri tu.

Mtambo huo aliununua marehemu baba yake kwenye mnada. Mitambo ya aina hii si migeni duniani: JCB ya Uingereza ilitoa telehandla yake ya kwanza, Loadall, mwaka 1977, na nyingi za zamani bado zinapiga kazi. Huu wa Gongoni ulikuwa umelala miaka minne. Aliyetoa pesa za kuufufua ni dada yake mkubwa, anayefanya kazi za nyumbani Muscat, Oman.

“Dada aliniambia, ‘Mdogo wangu, hii ndiyo pesa ya kujengea nyumba. Ikipotea, sina nyingine,’” alitusimulia. Alituomba tusiwataje majina, nasi tumekubali. Ila hadithi yao tumeona tuilete hapa, kwa sababu kila wiki tunapokea simu za wateja waliotuma pesa za spea au ufundi wakaishia kuambiwa “namba unayopiga haipatikani.”

Mtambo unaochoka ukipata joto

Shida ilikuwa hivi. Asubuhi mtambo unaenda mbele na nyuma bila tatizo. Ukifanya kazi nusu saa, ukiweka gia ya mbele, injini inapiga kelele lakini magurudumu hayaendi. Rivasi inakubali. Ukiuacha upoe, unarudi sawa.

Jirani mmoja alisema ni injini. Mwingine akasema uuzwe chuma chakavu. Fundi wa mitambo kutoka Malindi alisema, “Tusibahatishe. Tufungue tuone.”

Alishusha mkono wa mtambo hadi chini, akaziba magurudumu kwa mawe, ndipo akamwaga oili ya giaboksi. Ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, na ndani yake unaona vumbi la chuma linameremeta. Juu kidogo ilikuwa na weupe kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Pwani, na hasa kwenye chumvi, unyevu na kutu havina huruma na mtambo uliosimama.

Maelezo yake tuliyaelewa hata sisi tusio mafundi. Giaboksi ya namna hii ina klachi ndani, moja ya mbele na moja ya nyuma. Kila klachi ni pleti kadhaa zinazobanwa pamoja kwa nguvu ya oili. Oili ikiwa baridi ni nzito, inabana. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye sili zilizolika, nguvu inashuka na pleti zinateleza. Ndiyo maana mtambo unakubali asubuhi na kugoma saa tano. Pleti za mbele zilikuwa zimelika karibu kuisha, na beringi moja ilikuwa inacheza.

Mtu wa mtandaoni

Kabla fundi hajamaliza ukaguzi, kijana wetu alikuwa ameshapata “suluhisho” Facebook: giaboksi nzima, kuukuu lakini safi, shilingi 180,000, iko Nairobi. Picha nzuri. Muuzaji ana heshima, anamwita “boss wangu.” Ila kuna wateja wengine wawili wanaitaka, kwa hiyo atume yote leo leo ndiyo imwekewe, na atume na ya kutoa.

Tangu 2023, kikomo cha muamala mmoja wa pesa kwa simu hapa Kenya ni shilingi 250,000. Kwa hiyo 180,000 inapita mara moja. Yaani akiba ya miaka ya mtu inaweza kuondoka kwa kubonyeza mara moja.

Aliingiza namba, akaweka kiasi. Kabla ya PIN, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji. Halikuwa jina la muuzaji. Akauliza, akajibiwa ni ya “mhasibu wetu.” Hapo akasita, akampigia dada. Dada, akiwa kwenye mapumziko yake ya mchana, alimwambia neno moja tu: “Ngoja.”

Fundi ndiye aliyewapa mtihani wa kumpima muuzaji. Giaboksi nyingi zina kibati kidogo chenye namba. Alimwambia aombe picha mpya ya kibati hicho, kando yake karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo kwa mkono. Muuzaji mwenye mali hiyo mbele yake hatumii hata dakika tano kuipiga. Huyu alikasirika kwanza, halafu akanyamaza, halafu akawablock.

Malipo manne badala ya moja

Waliamua kutengeneza giaboksi yao wenyewe. Fundi alitaka shilingi 40,000 za ufundi, na akapendekeza pesa zote, za spea na za mkono, zipitie kwake. Dada akakataa kwa upole. Fundi alinuna kidogo, tusidanganye. Lakini walipokaa wakaandika makubaliano kwenye daftari, alikubali. Mpangilio ulikuwa huu:

1. Shilingi 6,000 za kufungua na kukagua. Zililipwa baada ya sehemu zilizolika kupangwa juu ya gunia na kupigwa picha.
2. Shilingi 82,500 za spea na oili. Hizi hazikupitia kwa fundi. Kijana alipanda matatu hadi Mombasa na pleti, sili na beringi za zamani kwenye begi, akalinganisha moja moja kaunta, ndipo akalipa kwa till namba ya duka. Jina kwenye simu na jina kwenye risiti vilikuwa kitu kimoja.
3. Shilingi 15,000 za ufundi, siku spea zilipofika na kazi ya kufunga ikaanza.
4. Shilingi 25,000 za mwisho, baada ya mtambo kujaribiwa ukiwa na moto.

Jumla 128,500, na hakuna hata senti iliyotoka kabla ya kitu cha kuonekana kwa macho. Kila malipo yalipokamilika, kijana alimtumia dada picha ya kazi. Mwisho wa kila wiki alimtumia taarifa ya miamala ya akaunti yake. “Kabla ya hapo nilikuwa namuuliza kila siku, na yeye anaona namshuku,” dada alituambia kwa simu. “Nilipoanza kuona mwenyewe, tukaacha kugombana.”

Beringi moja haikuingia. Alirudi Mombasa na ujumbe wa malipo pamoja na risiti, ikabadilishwa bila maneno mengi. Angekuwa amelipa keshi bila karatasi, angeanza kujieleza upya.

Siku ya kujaribu

Siku ya majaribio mtambo uliwashwa saa mbili asubuhi. Ulienda mbele, nyuma, ukabeba mawe, watu wakashangilia. Fundi akasema, “Mambo safi. Malizana na mimi.”

Kijana akakumbuka makubaliano. Ugonjwa ulikuwa wa joto, basi jaribio lazima liwe la joto. Wakaendelea kubeba mawe. Dakika ya arubaini, gia ya mbele ikaanza kuteleza tena.

Fundi alishika kiuno, akakaa kimya. Kisha akafungua bomba la oili linalokwenda kwenye rejeta ya kupozea. Lilikuwa limejaa tope la uchafu wa zamani, oili haipiti sawasawa, inapata moto kupita kiasi. Pleti mpya zingeungua ndani ya mwezi mmoja. Alisafisha rejeta na mabomba, akabadilisha filta, wakarudia jaribio kesho yake. Saa mbili mfululizo, mtambo haukuteleza. Ile 25,000 ilitumwa papo hapo, na fundi mwenyewe akacheka: “Hii pesa nimeitolea jasho.”

Hatusemi fundi alikuwa mwizi. Alikuwa fundi mzuri mwenye haraka. Malipo ya mwisho yaliyosubiri yaliwasaidia wote wawili: yeye alilinda jina lake, na dada akalinda nyumba yake.

Mtambo ukianza kuleta pesa

Sasa telehandla inakodishwa kupakia magunia ya chumvi na kuinua mawe kwenye majengo. Hapo kuna mtego mwingine. Mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: “Umeona, nimeshatuma.” Ujumbe ulio kwenye simu ya mwenzako si pesa. Angalia salio lako mwenyewe kabla dereva hajazima mtambo na kuondoka.

Kabla hujatuma, kumbuka

• Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti, simama, hata kama umepewa sababu nzuri.
• Ukiharakishwa, piga simu kwa mtu unayemwamini kwanza.
• Spea ilipie dukani, kwa till namba ya duka. Ufundi mlipe fundi.
• Andikeni hatua za malipo, na bakisheni sehemu nzuri hadi jaribio la mwisho.
• Hifadhi ujumbe wa muamala pamoja na risiti.
• Ukikosea namba, tupigie mara moja. Kila dakika ina maana.
• PIN ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Tulipoondoka Gongoni jua lilikuwa linazama, na kijana alikuwa anampigia dada yake simu ya video, amegeuza kamera ili aone mkono wa mtambo ukipanda. Huko Muscat tulisikia mtu akicheka.