Jembe Linapogonga Mavi ya Chuma

Ukilima migombani kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, si ajabu jembe likagonga donge jeusi, zito kuliko linavyoonekana. Wengi hulitupa mpakani mwa shamba. Wengine hulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au huamini ni kimondo na kuanza kutafuta tajiri.

Lichunguze kwanza. Likiwa na vitundu vya mapovu, na upande mmoja una michirizi kama uji uliomwagika ukaganda, si kimondo. Vimondo kwa kawaida havina mapovu. Hayo ni mavi ya chuma, masazo ya tanuri la wahunzi wa kale. Sumaku ikilinasa kwa nguvu, huenda ndani mmebaki chuma chenyewe.

Wahunzi walipanga mkaa na mtapo (mawe yenye chuma) ndani ya tanuri la udongo, wakavukuta mivukuto kupitia mabomba ya udongo. Gesi itokayo kwenye mkaa huunyang'anya mtapo oksijeni, chuma kikabaki. Uchafu wa mtapo huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,200 hivi, ilhali chuma huhitaji 1,538. Ndiyo maana uchafu hutiririka chini, na chuma hubaki donge la kufuliwa.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya wa Kagera walioijua kazi hiyo tangu ujanani walijenga tanuri upya, huku mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery wakitazama na kupima. Wazee walijaza matete yaliyochomwa kwenye shimo la chini ya tanuri. Uchafu wa moto ukapenya humo na kuganda ukiwa na alama za matete. Alama za namna hiyo zimeonekana pia kwenye mavi ya chuma yaliyofukuliwa. Na mkaa uliobaki kwenye matanuri ya kale, ulipopimwa kaboni, ulionyesha kuwa baadhi ya matanuri hayo yana miaka 1,500 hadi 2,000.

Lakini donge lililong'olewa na kuoshwa limepoteza nusu ya ushahidi wake. Mtaalamu anataka kujua lililala kina gani, na kama kando yake kulikuwa na mkaa, udongo ulioungua au kipande cha bomba. Kwa hiyo acha kuchimba, weka alama mahali hapo, piga picha, kisha mwone mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863.

Tahadhari moja: Kagera ilipiganiwa katika vita vya 1978 na 1979. Ukikuta chuma chenye umbo la yai, pini au mkia wa mapezi, usikiguse wala usikigonge. Waondoe watoto, na uwaite polisi.