Siri za Waamini katika Simu ya Katibu

Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 535, zaagiza kila parokia iwe na daftari za ubatizo, za ndoa na za marehemu, na paroko achunge zisiangukie mikononi mwa watu wa nje. Na kabati lenye ufunguo mmoja lilitosha kuitimiza amri hiyo. Lakini leo habari zilizo za faragha zaidi ya hizo, kama vile nani kalazwa na kwa maradhi gani, nani hajatoa zaka, ndoa ipi imefikishwa kwa wazee kusuluhishwa, aghalabu zimo ndani ya simu ya katibu wa jumuiya.

Simdhanii katibu khiana. Anajitolea, hakupewa ofisi wala kompyuta, na simu kainunua kwa fedha zake. Lakini picha ya daftari la zaka iliyotumwa katika kundi la WhatsApp aghalabu hujihifadhi katika simu za waliopokea, ikachanganyika na picha za harusi, hata mtoto aliyeazima simu ya babake ili acheze akayaona majina ya majirani na deni lililo mbele ya kila jina. Na kioo kikipasuka, fundi wa mtaani huomba namba ya siri ili aijaribu simu, naye hupewa papo hapo.

Huko Uswidi, mwishoni mwa mwaka 1998, mwalimu wa dini wa kujitolea katika usharika wa Kilutheri alitengeneza, kwa kompyuta yake ya nyumbani, kurasa za intaneti za kuwafaa wanafunzi wa kipaimara, akawataja humo watumishi wenziwe, na mmoja akamwandika kwamba ameumia mguu. Hakukusudia shari, na alipojua kuwa wenziwe hawakuridhia alizifuta. Hata hivyo shauri lilifika Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, nayo tarehe 6 Novemba 2003 ikaamua kwamba hata mguu ulioumia ni habari ya afya ya mtu. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka afya na imani katika fungu la taarifa nyeti. Seuze orodha ya wagonjwa wa jumuiya, iliyobeba yote mawili.

Linalonishughulisha zaidi ni siku ya makabidhiano. Katibu amalizapo muhula hurudisha mhuri, daftari na stakabadhi, vikahesabiwa mbele ya mashahidi na hati ya makabidhiano ikatiwa sahihi, ilhali yaliyomo simuni hayaulizwi, naye akihama parokia huhama nayo. Kwa rai yangu, hati ile iongezwe sharti moja: katibu amkabidhi mrithi wake orodha zote, kisha azifute mbele yake, simuni na katika hifadhi ya mtandaoni pia, ambako nakala hubaki hata baada ya simu kusafishwa. Na maradhi yasiandikwe kundini kabisa. Litajwe jina tu la wa kuombewa, tena baada ya yeye mwenyewe kuulizwa na kuridhia.